Kipupwe na Desemba milimani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakazi wa Dar es Salaam

Kila mwaka, joto la Dar likianza kulegea mwishoni mwa Mei na upepo wa kusi ukishika, maswali yaleyale hurudi: niende wapi nikaipate baridi, kuna sherehe gani huko, nguo nipate wapi, tiketi zinaisha lini. Tumeyajibu hapa. Kabla ya kuendelea, amua jambo moja: unafuata mlima au unafuata watu? Baridi iko Juni hadi Agosti. Shamrashamra ziko Desemba. Anayekwenda Marangu Julai akitegemea ngoma na mbege, ile pombe ya ndizi, atakuta watu wamejikunyata jikoni, na anayekwenda Krismasi akitafuta utulivu atakuta magari ya Dar yamepaki mpaka migombani.

Msimu wa baridi milimani ni lini hasa?

Ni kipupwe, masika yakishakatika, kuanzia Juni mpaka Agosti. Hapa Dar ni ile miezi unayolala bila feni na maji ya bomba yanakushtua asubuhi. Usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 19 au 20 hivi. Ukipanda mlima hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7 kila mita 1,000, kwa hiyo hesabu unaweza kuipiga mwenyewe. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari: toa nyuzi 9, unabaki na 10 au 11 usiku. Uwanda wa Kitulo ni kama mita 2,600: hapo kukicha unakuta nyasi zimeganda umande mweupe.

Mchana ni habari nyingine. Jua la mlimani linachoma kuliko la Kigamboni kwa sababu hewa ni nyepesi, na watu wengi wa Pwani hurudi na baridi kifuani na ngozi ya pua imebabuka, vyote kwa safari moja.

Nilikwenda Moshi Julai na sikuuona mlima hata siku moja. Kwa nini?

Kwa sababu ulikwenda wakati kusi inavuma. Upepo huo unatoka baharini umebeba unyevu, unagonga miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, unapanda, unapoa, unageuka wingu. Wingu hilo hukaa juu ya Marangu, Machame na Kibosho siku nzima na wakati mwingine wiki nzima, huku watu walioko juu yake, kambi ya Horombo kwa mfano, wanaota jua. Ndiyo maana wapandaji wanausifu mwezi huohuo ambao watalii wa barabarani wanaulaani.

Ukiwa Moshi, amka saa kumi na mbili asubuhi, kabla wingu halijakaza, au subiri jioni jua linapozama. Upande wa Rongai, kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, ni mkavu zaidi na mlima huonekana mara nyingi zaidi. Kama shida yako ni kuuona mlima mweupe kutoka chini tu, nenda Januari au Februari.

Kuna tamasha la theluji Tanzania? Watoto wanaona kwenye runinga wanauliza.

Hakuna. Hatuna mji wenye theluji mitaani wala mashindano ya kuteleza. Theluji yetu iko zaidi Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, na inayodumu ni barafu ya kilele, ambayo nayo inakwisha: kati ya 1912 na 2007 sehemu kubwa yake, kama asilimia 85 ya eneo, ilitoweka. Wengi hawajui kwamba mlima hauwi mweupe zaidi kwenye miezi ya baridi. Kipupwe ni kikavu. Theluji mpya humwagika wakati wa mvua, Aprili na Mei, na tena Novemba, kwa hiyo picha nzuri hupatikana wingu linapofunguka baada ya masika au vuli.

Kuwaambia watoto kwamba watachezea theluji ni kuwadanganya. Waambie wataona pumzi yao ikitoka mdomoni kama moshi. Kwa mtoto aliyezaliwa Mbagala hiyo inatosha kabisa.

Nina wikiendi moja tu. Niende wapi?

Morogoro. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, safari kutoka Dar haifiki saa mbili, na hukai kwenye foleni ya Kibaha. Ukishuka, chukua bodaboda au bajaji hadi mjini, kisha panda Uluguru kwa miguu mpaka Morning Side, lile jengo la Wajerumani la 1911 lililo juu ya mji. Kupanda ni kwa saa mbili hivi kwa mtu asiye na haraka, ukipita kwenye mashamba ya ngazi ya Waluguru, mboga na stroberi zilizozungushiwa migomba. Tafuta mwenyeji wa kukuongoza. Njia zinagawanyika na ukungu ukishuka hata mwenyeji hupunguza mwendo.

Hakuna tamasha huko. Kuna mlima na sababu ya kuuheshimu: mito ya Uluguru ndiyo inayolisha Ruvu, na Ruvu ndiyo inayojaza matangi ya wakazi wengi wa Dar. Siku maji yanapokatika Tabata, chanzo cha habari mara nyingine ni huko.

Na Lushoto? Kila mtu anasema Lushoto.

Wanasema kweli. Ukiwa na siku tatu au nne, hapo ndipo mahali pa kwanza kwa mtu wa Dar anayetaka kuionja baridi bila kuteseka nayo.

Basi linapita Chalinze, Segera, Korogwe mpaka Mombo. Mombo kuna joto kama la nyumbani, wachuuzi wanakuja dirishani na machungwa na mayai ya kuchemsha, na bado umevaa fulana. Kutoka hapo ni kilomita 33 tu kwenda Lushoto, barabara ya lami inayojipinda kando ya mto, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili. Ukifika Soni, kwenye maporomoko, abiria wameshaanza kufunga madirisha. Mwenye uzoefu hutoa sweta kwenye begi akiwa Mombo. Asiye na uzoefu analitafuta Soni, begi liko kwenye buti.

Ukifika, nenda Irente. Kuna mwamba unaochungulia tambarare yote ya Mazinde, na barabara kuu uliyopita jana unaiona chini kama uzi. Julai ukungu unaweza kuufunga mwamba huo asubuhi nzima, basi usiende na ratiba ya kubana. Karibu na hapo kuna shamba la Irente, linalosimamiwa na Kanisa la Kilutheri, ambako wanauza jibini, mkate na jemu za matunda. Kwa wenye miguu kuna msitu wa Magamba, na kwa wenye siku ya ziada kuna Mtae, ukingoni kabisa mwa Usambara.

Kuhusu sherehe: Lushoto haina tamasha moja kubwa la kipupwe. Kinachochangamka ni gulio. Ulizia siku ya gulio la kijiji ulichofikia, uamke mapema, utakuta kabichi, karoti na viazi vikiteremshwa kichwani kutoka vijijini, vingi vyake vinakwenda sokoni kwetu Dar. Familia nyingi za Wasambaa ni Waislamu, kwa hiyo msongamano wa kurudi nyumbani hufuata Idi, na Idi inafuata mwezi. Mwaka mmoja inaangukia masika, miaka michache baadaye iko kwingine kabisa. Angalia kalenda kabla ya kukata tiketi.

Asubuhi msalimie mwenyeji kwa Kisambaa: "Onga makeo." Atacheka kidogo, na bei ya karoti itashuka.

Amani ni sehemu hiyohiyo?

Hapana. Amani iko Usambara ya Mashariki, unapandia Muheza. Ni msitu wa mvua, kuna unyevu mwaka mzima, na kipupwe chake ni cha matope na ndege. Wanaopenda mimea waende. Wanaotaka kuota moto na kupiga picha waende Lushoto.

Ni matukio gani yenye tarehe inayojulikana?

Mwanzoni mwa Juni huko Arusha hufanyika maonesho ya utalii ya Karibu-KiliFair. Yamelengwa zaidi kwa wenye kampuni, ila siku za wazi mtu wa kawaida anaingia na kulinganisha bei za kupanda mlima kutoka kwa wenye kampuni wenyewe, jambo ambalo kwa simu lingekuchukua mwezi.

Julai 7 ni Sabasaba, na hiyo iko kwetu, viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa. Siku ya mapumziko hiyo wengi huiunganisha na wikiendi wakapanda Lushoto au Morogoro, kwa hiyo vyumba hujaa.

Agosti 8 ni Nanenane, na kwa maoni yetu hili ndilo tamasha la kipupwe lisilosifiwa inavyostahili. Watu wa Dar wanaliona la wakulima. Nenda Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, usiku baridi ya Uyole inauma mifupa, mchana unazunguka kwenye mabanda ya parachichi, ng'ombe wa maziwa, kahawa na viazi vya mikoa yote ya Nyanda za Juu Kusini. Arusha nako kuna viwanja vya Themi, kwa wanaopendelea Kaskazini. Kabla ya siku yenyewe maonesho huwa yameshaendelea kwa wiki nzima, na siku za katikati ndizo nzuri. Siku ya kilele ni hotuba na vumbi.

Desemba 9 ni Uhuru. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alipandisha bendera na kuwasha mwenge kileleni Kilimanjaro, na kila mwaka makundi ya Watanzania hupanda ili wawe juu tarehe hiyo. Ni safari yenye nyimbo nyingi. Ni safari yenye mvua pia, maana vuli huwa haijaisha.

Mwishoni mwa Februari, Jumapili, ni mbio za Kilimanjaro mjini Moshi, zilizoanza 2003. Kuna kilomita 42, 21 na 5. Hizo 5 ni za kila mtu, na babu, na mtoto mgongoni, na waliovaa kama simba. Hapo hakuna baridi hata kidogo: Februari Moshi ni joto la kuungua, na wakimbiaji huanza alfajiri kwa sababu hiyo. Jiandikishe mapema na ukodi chumba mapema zaidi, kwa kuwa wiki hiyo mji mzima hujaa na nyumba za wageni hupandisha bei bila aibu.

Nataka kupanda Kilimanjaro wakati wa kipupwe. Ni uamuzi mzuri?

Ndiyo. Juni hadi Oktoba ni msimu mkavu, na mwingine ni Januari hadi mapema Machi. Usiku wa kwenda kileleni wa Julai ni mkali, chini ya sifuri sana, na upepo unaongeza. Unaondoka kambini karibu na saa sita usiku, unatembea gizani kwa saa sita au zaidi, na pale juu, mita 5,895, hewa ina karibu nusu ya oksijeni uliyoizoea Kariakoo. Kinachowaangusha watu ni kasi ya kupanda zaidi kuliko baridi. Chagua siku sita badala ya tano kwa njia ya Marangu. Kampuni ikikuambia siku tano zinatosha kwa sababu "wewe kijana", mshukuru na uendelee kutafuta.

Njia ya Marangu ina nyumba za kulala Mandara, Horombo na Kibo. Njia nyingine unalala kwenye hema. Huruhusiwi kupanda bila mwongoza mlima aliyesajiliwa. Raia hulipa viingilio vya chini sana kuliko mgeni, basi usisahau kitambulisho cha NIDA. Mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Wao kwa wao wanaitana wagumu, na ugumu wao usiwe ruhusa ya wewe kubeba begi la harusi. Usiwashe moto porini: Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la mlima kwa siku kadhaa.

Kama huna nia ya kileleni, ingia lango la Marangu asubuhi, tembea msituni hadi Mandara na kreta ya Maundi, rudi jioni. Familia inaweza. Watoto chini ya miaka 10 hawaruhusiwi kwenda kileleni, lakini msituni wanafurahi zaidi yako.

Nina selimundu (au pumu). Niende?

Mwenye selimundu asipande Kilimanjaro. Baridi na upungufu wa oksijeni ndivyo vinavyofanya chembe za damu zijikunje na kuziba mishipa. Miji ya mlimani kama Lushoto au Marangu ni mazungumzo tofauti, lakini yawe mazungumzo na daktari wako wa kliniki, kabla ya kulipa nauli. Hata aliyebeba kinasaba tu bila kuumwa amwambie daktari kabla ya kupanda juu. Mwenye pumu abebe dawa ya kuvuta kwenye mfuko wa nguo, asiiweke kwenye begi alilobebewa.

Kwa nini Desemba kila mtu anakwenda Kilimanjaro?

Sio kila mtu; ni Wachaga, walioolewa na Wachaga, wenye marafiki Wachaga, na madereva wanaowapeleka. Ukijumlisha hao wote unapata nusu ya Sinza.

Asili yake iko kwenye kihamba, shamba la ukoo lenye migomba, kahawa, ng'ombe zizini na makaburi ya wazee nyuma ya nyumba. Ardhi mlimani ni finyu, vijana walitoka kutafuta maisha mijini tangu zamani, na Desemba ikawa mwezi wa kurudi kuonyesha uso. Kwa hiyo unachokiona kama sherehe ya Krismasi kwa kweli ni mambo mengi yaliyorundikwa kwenye wiki mbili: harusi, kipaimara, kujengea kaburi la baba, kumtambulisha mchumba, na kikao cha ukoo kinachoamua nani analipa ada ya nani na mpaka wa shamba unapita wapi. Ibada za Krismasi hujaa mpaka nje, kwa Walutheri wa Machame na Marangu na kwa Wakatoliki wa Kilema na Kibosho. Baada ya ibada watu wanazunguka nyumba kwa nyumba.

Na mbuzi huchinjwa. Fika mapema ukitaka kuona kazi yenyewe: wanaume wako nyuma ya nyumba na visu, damu inakingwa kwenye bakuli na kukorogwa isigande, matumbo yanaoshwa, na kabla nyama haijaiva kisusio kinapita kwenye vikombe, cha moto, kizito, chenye ladha ya chuma na chumvi. Mgeni anaweza kukikataa kwa adabu. Mkwe wa kiume atazungumziwa. Ndani jikoni kuna mtori, kuna machalari, kuna kiburu cha ndizi na maharage, na mbege ya ndizi na ulezi imeshachachuka siku kadhaa inasubiri wazee waanze.

Baridi ya Desemba ni ya usiku tu. Mchana ni jua na matope, na mara nyingine mvua ya vuli inayochelewa. Ukija na makoti ya Julai utayabeba bure.

Ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda ukweni Uchagani. Nifanye nini?

Hongera. Usiende mikono mitupu: sukari, mchele, mafuta ya kupikia, na kitu cha baba mkwe peke yake, blanketi zuri au koti. Samaki wakavu au dagaa wazuri kutoka Feri hupokelewa vizuri kuliko keki. Salimia wazee kwanza, hata kama wifi zako wamekukimbilia getini. "Shikamoo baba, shikamoo mama" inatosha. Ukimaliza kula sema "aika", yaani asante, na utakuwa umeshinda nusu ya vita.

Mchango wa ng'ombe au mbuzi utaulizwa. Zungumza na mumeo au mkeo mkiwa bado Dar, mkubaliane kiasi, na kitolewe na mwenye ukoo, sio na wewe. Kwenye kikao cha ukoo kaa kimya mpaka uulizwe. Mbege ukipewa pokea kwa mikono miwili. Kama hunywi, sema hivyo mapema kwa mama mkwe, atakutafutia soda bila kelele. Familia nyingine humwaga kidogo chini kwa ajili ya wazee waliotangulia, nyingine zinalipinga jambo hilo kwa sababu ya kanisa, na ugomvi huo usiuingilie.

Na watoto wasichume majani ya masale yaliyopandwa mipakani na makaburini. Jani lile ndilo mtu hubeba akienda kuomba msamaha, na mti ule ndio alama ya mpaka. Mtoto wa mjini anaona jani refu la kuchezea upanga. Babu anaona kesi.

Tiketi za Desemba nikate lini?

Kwa tarehe 20 hadi 24, kata mwezi mmoja kabla. Basi zinatoka Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na nyingine zinaanzia ofisi zao Shekilango. Kata kwa kampuni yenyewe au kwa mfumo wa tiketi mtandao, upate risiti yenye jina na namba ya siti. Nauli elekezi hutangazwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Anayekutajia bei ya juu geti la kituoni, akisema siti ya mwisho ni hii, ni mpiga debe anayefanya kazi yake. Wiki ya Krismasi mamlaka hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, yakiwemo makosta. Kosta kwenda Moshi ni saa kumi na magoti yako kidevuni. Heri kusafiri tarehe 18 kwa basi la kawaida, au kwa basi la usiku, ambazo ziliruhusiwa tena Oktoba 2023.

Kuna treni pia: reli ya Dar hadi Moshi ilifunguliwa tena kwa abiria Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20. Ni ya polepole, ni ya bei nzuri, na watoto wanaweza kutembea. Ratiba ya siku hizo ulizia stesheni, na ukisikia tiketi zimeanza kuuzwa usisubiri mshahara.

Kurudi ni kugumu kuliko kwenda. Januari 2 na 3 watu wote wanashuka kwa pamoja, na ndizi zao.

Nikienda na gari langu?

Ukikaa Tegeta, Bunju au Mbweni, usijisumbue na Kimara na Mlandizi. Pita Bagamoyo hadi Msata uungane na barabara ya Segera huko mbele. Ondoka alfajiri. Kuna trafiki wenye vipima mwendo kwenye vijiji karibu vyote, na Desemba wanakuwa wengi zaidi. Kutoka Dar hadi Moshi ni kama kilomita 550. Ukishafika Same huna haja ya kukimbia tena; milima ya Upare iko kulia kwako, na Kibo ikiwa wazi utaiona muda mrefu kabla ya kufika.

Kabla ya kupanda Soni au Marangu, mwambie fundi aangalie breki. Kushuka tumia gia ndogo. Dereva wa Dar aliyezoea Barabara ya Mandela hukanyaga breki njia nzima mpaka zinanuka.

Nyanda za Juu Kusini je? Ni mbali sana?

Ni mbali: Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, Njombe kama 700. Ila ndiko baridi ya kweli iliko, na wengi wa Kaskazini hawapendi kukubali. Njombe na Makete, Juni na Julai, watu wanavaa makoti mchana na moto wa kuni hauzimwi. Kuna uwanja wa ndege wa Songwe, karibu na Mbeya, ukitaka kuokoa siku.

Kwa Kitulo msimu ni kinyume. Hifadhi hiyo ilianzishwa 2005 kwa ajili ya maua, yakiwemo maua ya okidi ya aina zaidi ya 40, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Maua hayo hutoka na mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Ukienda Julai utakuta nyasi kavu, upepo na umande ulioganda, na uzuri wake ni wa watu wachache. Ukipandia Chimala unapita ile barabara ya kona 57, inayoitwa Hamsini na Saba kwa sababu hiyo. Mvua ikinyesha uwe na gari la magurudumu manne na dereva asiyependa kuongea.

Nguo za baridi nipate wapi Dar bila kufilisika?

Mitumba. Karume na Manzese makoti ya baridi yanauzwa bei ya chini kwa sababu mnunuzi wake hapa Pwani ni adimu, na muuzaji anajua. Nenda Machi au Aprili, kabla wapandaji hawajaanza kuyatafuta. Fungua na kufunga zipu mara tatu, juu hadi chini; zipu mbovu ni koti bovu. Ingiza mkono ndani ya bitana ukitafuta pamba iliyojikusanya donge. Nusa kwapa. Nyunyizia maji ya chupa mgongoni: yakibaki matone, linazuia mvua, yakizama, ni la kuotea moto tu.

Kwa Lushoto au Morogoro sweta moja zito, soksi na viatu vilivyofungwa vinatosha. Kwa Kilimanjaro mavazi ya tabaka, taitsi ndani, sweta, koti la upepo juu, glavu na kofia ya sufu. Vitu vikubwa kama begi la kulalia na koti la kilele kodi Moshi, ila vijaribu ukiwa bado dukani. Jinzi usiende nazo mlimani, zikilowa hazikauki.

Je, mvua za Desemba ni hatari?

Mwaka wa kawaida hapana. Mwaka wa mvua kubwa, ndiyo. Desemba 3, 2023, tope kutoka Mlima Hanang liliifunika sehemu ya mji wa Katesh na watu wengi wakafa. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, usilale kwenye nyumba iliyo kando ya korongo, na barabara ya Mombo hadi Lushoto ikifungwa na maporomoko usishawishike kupita vichochoro vya bodaboda usiku.

Mtandao unapatikana huko juu?

Miji yote tuliyoitaja ina mtandao wa simu. Kilimanjaro intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo Agosti 2022 na kileleni mwisho wa mwaka huohuo. Betri ndiyo tatizo: baridi inaimaliza ukiangalia. Lala na simu ndani ya begi la kulalia.

Nikirudi nilete nini, na nisilete nini?

Kutoka Lushoto, mapeasi na plamzi ukienda kuanzia Desemba, viazi na jibini mwaka mzima. Kutoka Moshi, mkungu wa mshare, parachichi na kahawa iliyokaangwa. Parachichi chukua magumu kabisa; yaliyoiva yatafika Mbezi yakiwa uji. Mzigo mkubwa wa mazao unaweza kutozwa ushuru njiani, kwa hiyo omba risiti ulikonunua. Miche, mbegu na wanyama usipakie kwenye basi. Na mbege usiifunge kwa kifuniko kilichokaza: bado inachachuka, na konda hatakusamehe ikilipuka Korogwe.